Ingobyi Tupu Nyuma ya Maman Faida

Bega langu la kushoto liko chini kuliko la kulia. Mke wangu anasema nikisimama uani naonekana kama nyumba iliyojengwa mteremkoni bila kusawazisha kiwanja. Ni alama ya kazi, na ndiyo pekee niliyobaki nayo, maana karatasi ya shukrani waliyonipa siku ya kuniaga ilinyeshewa njiani, wino ukakimbia wote. Basi ninawaandikia ninyi mnaobaki, ninyi wa ambulansi na machela za magurudumu, mambo ya kazi yetu ilipokuwa bado kazi ya mabega.

Sikusoma sana. Nilifika darasa la tatu kule Uvira, upande wa Kongo, ambako wazazi wangu walikimbilia kabla sijazaliwa, kisha nikaenda kuchunga ng'ombe za watu na mwalimu hakunifuata. Mkiona nimetoka njiani, nivumilieni, huwa narudi.

Sababu ya kuandika ni hii. Siku yangu ya mwisho, mmoja wenu alimtazama mama mmoja mnene sana akishushwa kwenye gari, akasema, "Huyu wangemuitia lori." Mkacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, nisiwadanganye, kijana alilisema vizuri. Lakini yule mama alisikia. Nilimwona akivuta kitenge kufunika tumbo, kama mtu anayeficha kitu cha wizi. Nikarudi nyumbani na hasira, na hasira yangu ikaenda moja kwa moja mpaka kwa Maman Faida wa Gashonga, ambaye ninyi hamkumjua. Nitafika kwake. Nianze na siku ya kwanza.

Tulirudi Rwanda baada ya jenosidi, yale mauaji ya kimbari. Nchi ilikuwa kimya kwa namna ambayo sitaieleza hapa, wapo wanaoweza. Mimi nilikuwa kijana mwenye mke, mtoto mmoja na sufuria mbili. Kituo cha afya cha huko Gashonga kilitafuta mtu wa kudeki, kuchota maji na kubeba wagonjwa. Waliniuliza kama najua kubeba. Nikasema nimebeba viazi, mbao, na mara moja mlango wa chuma kutoka bandarini. Yule aliyeniuliza akaandika jina langu bila kucheka.

Siku hiyohiyo wakanipeleka kwa Mzee Karoli. Huyu hakuwa mfanyakazi wa kituo. Alikuwa mkubwa wa chama cha ingobyi cha kile kilima. Ninyi mmeziona ingobyi kwenye picha tu: kitanda cha kusuka, kirefu kama mtumbwi, kimefungwa kwenye miti miwili, watu wanne chini yake, mmoja kila ncha. Kila kilima kilikuwa na chama chake. Mgonjwa akizidiwa, mtu anapanda juu ya kichuguu anapiga yowe, na wanaume wanaacha jembe, wanaacha pombe, wanakuja. Asiyekuja siku yake, atakapougua yeye watakuja pia, lakini watakuja wakiwa wanamsema. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu, na nawaambia inatosha.

Mzee Karoli alikuwa mwembamba kama mti wa kukaushia nguo. Alinitazama miguu, hakutazama mabega.

"Weye ulitokea Kongo?"

"Ndiyo, Mzee."

"Kule munatembea mukicheza. Hapa utatembea kama muntu mwenye anabeba maziwa."

Akanifundisha. Kwanza, msikanyage pamoja. Askari hukanyaga pamoja, na ndiyo maana mgonjwa akibebwa na askari anatapika. Wabebaji wanne, kila mmoja na hatua yake, kitanda kinatulia. Pili, kupanda mlima, kichwa cha mgonjwa kitangulie. Kushuka, miguu itangulie. Tatu, kata ya majani makavu ya mgomba begani, isiwe mpya, mpya inateleza. Nne, usimwambie mgonjwa kwamba ni mzito. Hata akikuuliza. Hiyo ya nne alinirudia mara nyingi, na wakati ule sikuielewa, kwa sababu hakukuwa na mgonjwa mzito hata mmoja.

Hilo lazima mlielewe ninyi mliozaliwa baadaye. Wakati wa vita ya kwanza ya Kongo watu walirudi kutoka kambini na kutoka misituni, na tuliwabeba kutoka barabarani. Nilibeba baba wa watoto ambaye nilidhani wamesahau kumweka ndani. Niligeuka kutazama. Alikuwemo, ananitazama. Wakati mwingine wawili tulitosha, wengine wawili wanatembea pembeni wakiwa na haya, kama watu walioalikwa kwenye karamu isiyo na chakula. Kisha ikaja ile ugonjwa, ambayo hata leo wapo wanaoitaja kwa kunong'ona. Nayo ilikondesha. Watu hao tuliwabeba kama wengine, na Mzee Karoli alimfukuza mtu mmoja kwenye chama kwa kukataa kumshika mgonjwa wa namna hiyo mkono.

Kwa hiyo macho yetu yalizoea hesabu moja: aliyekonda ana njaa, au ana vita, au ana ile ugonjwa. Aliyenona yuko salama. Mkikutana na rafiki baada ya miezi, salamu nzuri kuliko zote ilikuwa, "Umenona, Mungu asifiwe!" Ulimwambia hata ambaye hakunona, ili afurahi.

Sasa nimefika kwa Maman Faida.

Alikuwa mwanamke wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, baba yake Mushi kwa kabila, mama yake wa huku Gashonga. Faida ni jina la binti yake. Kabla ya vita alikuwa mchuuzi wa kuvuka mpaka: vitenge na mafuta ya mawese kutoka kule, maharage na ndizi kutoka huku, yote kichwani, kwa miguu, kushuka mpaka darajani na kupanda tena. Mume wake alifariki Bukavu, alikonda kwanza. Kisha ikaja vita ya pili, mpaka mara umefungwa, mara umefunguliwa, mara umefunguliwa kwa wengine na si kwako. Akaamua kukaa kwa marehemu mama yake, nyumba iliyo chini kabisa bondeni karibu na kijito, na kuuza sokoni kwetu, juu barabarani.

Aliuza akiwa amekaa. Alikuwa na kiti cha mbao kilichotengenezwa kwa ajili yake, mafuta ya mawese upande huu, vitenge upande ule, na mdomo katikati. Mteja alikuja kununua mafuta akaondoka na habari zote za Bukavu. Mtoto wa jirani alimpandishia mzigo asubuhi kwa baiskeli, na yeye mwenyewe akapanda nyuma ya baiskeli nyingine. Mchana alikula mihogo na nyama palepale, akateremsha kwa sukre. Ndivyo wanavyoita soda ng'ambo ile, na sisi tuliotoka kule hatukuacha. Mwaka ukaenda, akanona. Ukaenda mwingine, akanona zaidi, kiti kikaongezwa mguu wa tano. Na sisi wote tulifurahi! Kumtazama Maman Faida kulikuwa kama kutazama amani imekaa sokoni. Wanawake walimgusa mkono wakasema, "Maman, mwili yako inapendeza." Naye alijibu, "Hii nilipata kwa jasho, mutaniuliza bei?"

Siku alipoanguka ilikuwa msimu wa mvua, asubuhi. Binti yake Faida akapanda kichuguuni akapiga yowe. Tulikwenda. Tulimkuta mlangoni amekaa chini, anavuta pumzi kwa mdomo, miguu imevimba inang'aa, na kwenye kidole cha mguu wa kulia amefunga kitambaa kilichokuwa kinanuka. Mzee Karoli alitutazama tuliokuja, akamwambia Faida apige yowe tena.

Tulikuwa wanane tulipomwinua. Kupanda kile kilima kwenye udongo mwekundu uliolowa, hata ukiwa peke yako unashika majani. Tulibadilishana mabega kila mahali palipokuwa na mgomba wa kuegemea. Hakuna aliyesema kitu. Kanuni ya nne. Lakini mti wa ingobyi hauna kanuni. Tulipofika juu, mbele ya soko lote, mti wa upande wa kushoto ukalia, ukalia tena, ukakatika. Maman Faida akateremka taratibu kwenye matope na kukaa pale, kitambaa cha kichwa kimemfunika jicho moja.

Fundi baiskeli mmoja akapaza sauti, "Bamuviringishe tu! Kuko mteremko mupaka kwa muganga!"

Soko likacheka. Maman Faida alikuwa na pumzi kidogo, lakini aliyokuwa nayo aliitumia. "Weye," akasema, akapumua, "kukonda kwako kumekupeleka wapi? Hata pancha unaziba mubaya."

Soko likamcheka fundi. Lakini mimi nilikuwa karibu, nimeshika mkono wake. Akaniambia chini chini, "Papa, munitoe hapa haraka." Tulimtoa tukimbeba juu ya mlango wa duka la jirani, wenye duka waliung'oa bila kuombwa.

Muganga wetu, ndivyo tulivyomwita mtabibu wa kituo, alikuwa Esperansa, mwanamke mdogo wa mwili, mtoto wa wavuvi wa Nkanka. Alisema polepole, na hakurudia. Alimfunga mkono kwa kile kitambaa cha kupima presha na hakikufika, akaunganisha kwa bendeji. Alifungua kidole. Kulikuwa na kidonda kirefu, chenye kuingia ndani.

"Kilianza lini?"

"Sijui, Muganga. Ni kandambili ilinikwaruza. Haikuuma."

"Haikuuma hata kidogo?"

"Hata sasa haiumi."

Muganga hakufurahi kusikia hivyo. Mimi nilifurahi, maana sikuwa najua kitu. Akauliza, "Unakunywa maji mengi?"

"Kama ng'ombe."

"Na kukojoa?"

"Muganga! Kuko wanaume."

"Siye hatusikii," Mzee Karoli akasema, "tuko nafunga kamba."

Faida ndiye aliyejibu. Mama yake alitoka kila saa. Na pale nyuma ya nyumba anapokojoa, sisimizi walikuwa wanajaa, weusi, kama mtu amemwaga asali. Walidhani ni jirani amewatupia kitu, wakaita mtu wa kuombea mahali pale. Muganga akasema, "Sisimizi hawakutumwa. Wamefuata sukari." Akampima mkojo kwa kijiti cha karatasi, rangi ikageuka. Kesho yake wakampeleka hospitali ya mjini kwa gari la mizigo, wakamrudisha na jibu lilelile: sukari kwenye damu, presha juu, moyo unachoka. Na daktari wa kule alisema neno moja zaidi. Kidonda kisipofunga, mguu watauondoa.

Nilimuuliza Muganga Esperansa siku moja tukikausha mashuka, unene unafanyaje mambo yote hayo? Mimi nilidhani mafuta ni akiba. Akasema ni akiba kweli, lakini akiba ikizidi ghala, inabomoa ukuta. Mwili una dawa yake wenyewe ya kuingiza sukari mahali inapotakiwa, na tumbo likijaa mafuta mwili unakuwa kiziwi, hausikii tena hiyo dawa. Sukari inabaki kwenye damu, inazurura. Inaua mishipa ya miguu, ndiyo maana hakusikia kandambili. Inaharibu macho na figo. Magoti yanabeba yasichoweza. Akasema wapo wembamba wanaopata sukari pia, na wapo wanene ambao hawana, lakini mzigo unavuta ugonjwa.

"Na moyo?" nikauliza.

"Wewe ukichoka, unafanya nini?"

"Namwita mwenzangu tubadilishane bega."

"Moyo hauna wa kubadilishana naye."

Nilisahau shuka mkononi. Mimi ambaye nilijua kila mgomba wa kuegemea kwenye kile kilima, akilini nilimwona Maman Faida akipanda mlima tangu siku ile alipoanza kunona, mchana na usiku, hata akiwa amekaa, bila kuuweka mzigo chini. Nikamuuliza kama ni ulafi, maana hivyo ndivyo watu walivyokuwa wameanza kusema. Muganga akakasirika. "Alikuwa anatembea mpaka Bukavu na mzigo, anakula kwa ajili ya safari hiyo. Vita ikamkalisha. Tumbo halikuambiwa kwamba safari zimeisha. Na sisi tukampigia makofi."

Sasa lile kosa letu. Chama cha ingobyi kilikuwa na desturi: tuliyembeba, tunamtembelea. Na mgonjwa hatembelewi mikono mitupu, hilo hata mtoto anajua. Basi tukachanga tukaenda na kreti ya sukre. Ukoo wake wakaja na maziwa na asali. Watu wa kanisa wakaja na sukre. Wanawake wa soko wakaja na mikate myeupe na sukre. Kila mtu alikaa, akafungua chupa, akahakikisha mgonjwa amemaliza, kwa sababu mgonjwa anayebakiza anaonyesha kwamba amekata tamaa. Na Maman Faida alimaliza, kwa heshima. Kilima kizima kilikuwa kinampenda na kumkata mguu.

Muganga aliposhuka kumfunga kidonda alikuta chupa zimejaa chini ya kitanda mpaka miguu yake haikupata pa kusimama. Hakupiga kelele. Alimwita Mzee Karoli.

"Mzee, ni ninyi mlileta?"

"Ni siye na batu wote."

"Anayeleta nyingine, alete na msumeno."

Kukawa na mkutano wa chama, na ulikuwa mkali. Mmoja alisema kwenda bila kitu ni kumtukana mgonjwa. Mwingine alisema muganga ni mtoto, hajazaa. Mzee Karoli aliwaacha wamalize. Kisha akasema, "Tutamubebea bintu byenye tunajua kubeba. Maji. Kuni. Na yee mwenyewe, mupaka kidonda kipone." Na ikawa hivyo. Maana alikuwa haruhusiwi kukanyagia ule mguu hata kidogo. Kila siku ya kufunga kidonda tulimpandisha na kumshusha. Tulikata mikalitusi mipya, minene. Wanawake wa soko waliacha mikate wakaleta lengalenga, huo mchicha wetu, na maharage, na mmoja alisimama mlangoni na kuwarudisha wenye chupa. Alikuwa mkali kuliko askari wa mpakani, na hakuwa na siku ya mapumziko.

Nilitaka kuwaambia kwamba kuanzia hapo alifuata dawa na maneno. Hapana. Alimeza vidonge, sawa. Chakula ndicho alichokataa kupunguza. Alimtuma Faida usiku amletee mandazi. Muganga akajua, kijiti cha karatasi hakikuficha. Siku hiyo nilikuwepo, na Mzee Karoli pia, tukisubiri kumshusha.

"Maman, unataka nini?" Muganga akamuuliza. "Mguu huutaki?"

Maman Faida akavuta kitenge akafunika mguu wake. Kisha akasema, "Munataka nikonde."

"Ndiyo."

"Bwana yangu alikonda. Muko munajua batu balisema nini. Balisema ile ugonjwa. Na miye banasema, huyu bibi yake tumungoje. Miaka yote hii banangoja! Kila kilo nilipata ilibafunga midomo. Sasa nikianza kukonda, nani atanunua mafuta yenye nimegusa? Nani ataoa Faida? Muguu moja, batasema masikini. Kukonda, batasema maiti."

Mimi nilitazama chini. Hakusema uongo. Mimi mwenyewe ningalisema hivyo juu yake, pengine kabla ya mtu mwingine.

Muganga Esperansa akasema, "Siwezi kufunga midomo ya watu, Maman. Sina dawa hiyo."

Mzee Karoli alikuwa anachubua ganda la mti kwa kisu. Akasema bila kuinua kichwa, "Batu banasema juu ya kitu chenye hakikufanyika mbele yao. Wewe ulinona mbele ya soko?"

"Ndiyo, kwenye kiti yangu."

"Basi utakonda mbele ya soko. Tutakuja na ingobyi."

"Munibebe tena? Banicheke?"

"Hapana. Ingobyi itakuwa tupu. Utatembea mbele, siye nyuma. Ukianguka, tuko. Na mwenye kuuliza mugonjwa ni nani, tutamujibu."

Maman Faida akasema, "Weye Mzee, utaniaibisha mupaka mbinguni." Lakini hakusema hapana.

Kidonda kilikawia. Kidole kimoja hakikuokoka, walikitoa hospitalini, mguu ukabaki. Na kidonda kilipofunga kabisa, Muganga akamtafutia viatu vilivyofunika vidole, akamfundisha kutazama nyayo zake kila jioni kwa kipande cha kioo, kwa sababu maumivu hayangemwambia tena. Hilo mlishike ninyi pia. Mgonjwa wa sukari mvueni viatu mtazame. Hata kama amekuja kwa maumivu ya kichwa.

Siku ya kwanza alitoka mlangoni mpaka kwenye kijito, akarudi. Sisi wanne nyuma na ingobyi, tumetulia kama watu wa maandamano ya kanisa. Juma lililofuata mpaka mgomba wa kwanza. Tulipokezana miongoni mwetu, maana kila mtu alikuwa na shamba lake. Kuna siku alikaa njiani kwenye jiwe, akalia, akasema, "Munibebe." Tukaweka ingobyi chini karibu naye, wazi, kama desturi ya chama inavyotaka. Mgonjwa akiomba kubebwa anabebwa. Aliitazama. Akatazama mti mpya wa kushoto. Akasema, "Hii muti yenu siiamini," akasimama akaendelea.

Alipofika sokoni kwa miguu mara ya kwanza, fundi baiskeli aliacha gurudumu linazunguka. "Ee, banaingobyi! Mugonjwa ameanguka njiani?"

"Mugonjwa ni huyu mbele," Mzee Karoli akajibu. "Anajibeba."

"Miye ndiye," Maman Faida akasema, jasho linamtiririka. "Nina sukari na presha. Sikia vizuri, nisirudie. Muganga alisema nipunguze. Utaniona kila siku ya soko nikipunguka, na ukiwa na swali uulize miye, usiulize ukuta."

Na wakaona. Hilo ndilo Mzee Karoli alilolijua. Kukonda kwa siri kunatisha, lakini kukonda kwa kutoka jasho mbele ya wote, kila siku ya soko, na watu wanne nyuma na kitanda kitupu, hakuna pa kuweka mnong'ono. Nguo zake zilipolegea hakuzipeleka kwa fundi nyumbani. Alizivaa mpaka sokoni, akamkalisha fundi cherehani palepale, akasema, "Kata mbele ya hawa." Walioendelea kunong'ona walikuwepo, siwezi kuwasafisha wote. Mafuta yake yalilala kwa muda. Kisha mwanamke mmoja mnene wa Gikundamvura alikuja, akanunua kidogo, akasimama, akauliza kwa sauti ya chini, "Maman, na miye sisimizi banakuya. Ni nini?" Maman Faida alimshika mkono akampeleka kwa Muganga mwenyewe, soko likamngoja.

Hakuwa mwembamba, msije mkafikiri. Alibaki mama mkubwa mpaka mwisho nilipomjua. Muganga alisema hakuhitaji kuwa mwembamba, alihitaji kuupunguzia moyo mzigo kidogo. Presha ilishuka, haikuisha. Vidonge alimeza kila siku. Sukre aliiacha, na alikuwa akiitaja kama watu wanavyomtaja ndugu aliye ng'ambo.

Vita ilipotulia na mpaka ukafunguliwa kweli, alisema anataka kwenda Bukavu kuona kaburi la mume wake, na kwamba hatapanda pikipiki wala gari. Tulimsindikiza. Tulishuka polepole, tukilala njiani kwa shemeji yake, mpaka darajani. Furushi dogo la vitenge kichwani, viatu vyake vya kufunika, Faida pembeni. Sisi nyuma na ingobyi. Mzee Karoli wakati huo alikuwa mzee kweli, hakubeba, alitembea na fimbo, lakini alikataa kubaki.

Askari wa mpakani akainua mkono. "Ninyi na hicho kitanda, mgonjwa yuko wapi?"

Maman Faida akageuka. "Ni miye, Afande. Ninapita."

Askari akamtazama, akatazama ingobyi, akatutazama sisi. "Na hawa?"

"Hawa banarudi. Sibahitaji tena."

Alipita. Tulisimama mpaka kitambaa chake cha njano kilipopotea upande wa pili kati ya watu wenye mizigo. Mzee Karoli akasema, "Mugeuze. Kupanda, kichwa kitangulie." Tukageuza ingobyi tupu kwa utaratibu, kana kwamba kuna mtu ndani, tukapanda nayo.

Kwa hiyo ninyi wa magurudumu, akija mzito msitafute lori. Iteni wenzenu, mbadilishane mabega, mfungeni mkono kwa kitambaa kinachofika, mvueni viatu. Na kabla hamjamshusha kitandani muulizeni anakaa wapi na njia ya kwake ikoje, maana huyo atarudi kwa miguu, na kazi ya kutembea nyuma yake ni yenu.